Binti akisema anataka kuwa sista

Binti amemaliza kidato cha nne na matokeo si mabaya. Shangazi zake wameanza kuulizia habari za mchumba, baba anapiga hesabu ya ada ya kidato cha tano. Jioni moja, vyombo vikiwa bado mezani, anasema taratibu: "Mama, nataka kwenda kwa masista."

Hapo nyumba nyingi hugawanyika. Wapo wanaopiga vigelegele na kuitangazia jumuiya nzima kabla binti hajaeleza hata sababu. Wapo wanaosikia jambo moja tu: kwa huyu hakuna posa, hakuna mahari, hakuna wajukuu. Pande zote mbili zinaweza kumkosea binti kwa namna ileile, maana zote zimejibu kabla ya kumsikiliza.

Mama yake Anuarite

Kuna mama wa Kongo aliyeyapitia hayo. Binti yake, Anuarite Nengapeta, alizaliwa Wamba mwaka 1939. Alitamani utawa tangu akiwa msichana mdogo. Siku lori lilipokuwa likiwapeleka wasichana Bafwabaka, kwenye nyumba ya masista wa Jamaa Takatifu, alipanda bila kuaga. Mama alihangaika kumtafuta hadi alipopata habari zake, na alipojua alipo, hakumzuia. Agosti 5, 1959, Anuarite alipoweka nadhiri, wazazi wake walikuwepo, na mbuzi wawili walitolewa kwa ajili ya sherehe.

Mambo hayakuishia hapo. Baadaye mama alibadili mawazo, akataka binti arudi awasaidie nyumbani. Wazazi wengi wanaijua hali hiyo. Mtoto aliyesomeshwa kwa shida anatarajiwa kuwainua wadogo zake, na sista hana mshahara wake mwenyewe wa kutuma.

Anuarite alibaki. Desemba 1, 1964, wakati wa uasi wa Simba, aliuawa mjini Isiro na kanali aliyetaka kumchukua kwa nguvu. Agosti 15, 1985, Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa.

Wengi humkumbuka kwa kifo chake, lakini maisha yake yana somo kwa wazazi pia. Kuingia ulikuwa uamuzi wake, na kubaki ulikuwa uamuzi wake. Mama aliruhusiwa kulia na kulalamika. Hakuweza kuamua badala yake.

Useja hauamuliwi siku moja

Wazazi wengine huogopa kwamba binti akishapanda gari kwenda utawani, mambo yamekwisha. Sivyo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 imeweka hatua, na kila hatua ina mlango wa kutokea.

Hawezi kupokelewa unovisi kabla ya kutimiza miaka 17. Unovisi wenyewe ni miezi 12 au zaidi, na katika kipindi hicho novisi ana uhuru wa kuondoka, kama shirika nalo lilivyo na uhuru wa kumwambia arudi nyumbani. Nadhiri za kwanza, za useja, ufukara na utii, ni za muda, na haziwekwi kabla ya miaka 18. Kipindi hicho hakipungui miaka 3. Kwa kawaida hakizidi 6, ingawa kinaweza kuongezwa hadi kufikia 9. Muda ukiisha, anaweza kuondoka kwa amani. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21.

Jambo moja sheria hiyo inalisisitiza: nadhiri iliyowekwa kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa kudanganywa ni batili. Mzazi anayemsukuma binti ili familia nayo ihesabiwe kuwa na mtawa hamjengei nyumba imara.

Kuhusu ndoa, mpaka uko wazi. Mwanamke ambaye ndoa yake bado ipo hapokelewi unovisi. Mjane anaweza kupokelewa, kama Mtakatifu Rita wa Cascia, aliyekuwa mke na mama wa watoto wawili kabla ya kuwa mtawa. Sista wa nadhiri za daima naye hawezi kufunga ndoa halali akiwa bado amefungwa na nadhiri hizo. Akiomba na kupewa ruhusa ya kuondoka, anafunguliwa nadhiri, na hapo anaweza kuolewa kanisani kama binti mwingine yeyote.

Alipelekwa akiwa mtoto

Zamani huko Ulaya haikuwa hivyo. Katharina von Bora, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1499, alipelekwa kwa watawa akiwa mtoto mdogo na kuweka nadhiri akiwa na miaka 16 hivi. Mwaka 1523 alitoroka konventi ya Nimbschen pamoja na wenzake kadhaa. Si wote waliopokelewa na ndugu zao. Kumpokea mtawa aliyetoroka lilikuwa jambo la hatari. Mwaka 1525 Katharina aliolewa na Martin Luther, wakapata watoto sita.

Wakatoliki na Waprotestanti wanalisimulia tukio hilo kwa namna tofauti. Kwa mzazi, la kutazama ni lile la mwanzo: mtoto alipelekwa kabla hajajua anachokiacha.

Maswali ya kumuuliza

Badala ya kushangilia au kununa, mzazi anaweza kukaa na binti na kumuuliza kwa upole. Wazo hili lilianza lini? Nani alikuambia kwanza? Kuna mtu aliyekuumiza na sasa unataka kuwa mbali na wanaume? Unaogopa kwamba hatuna ada? Ukimbeba mtoto wa dada yako, moyo unasemaje? Ukifika miaka 40 bila mtoto wako mwenyewe, utalibebaje hilo?

Maswali hayo hayalengi kumvunja moyo. Anayechagua useja anaacha kitu chema kwa ajili ya kitu kingine anachokipenda. Anayekimbia umaskini, ugomvi wa nyumbani au jeraha la zamani bado hajachagua. Anatafuta mahali pa kujificha, na anahitaji msaada wa aina nyingine. Inafaa pia wazazi walitembelee shirika, waonane na mlezi na waulize gharama mapema.

Akirudi

Jaribio kubwa kwa familia huja miaka kadhaa baadaye, binti anaposhuka kwenye basi na begi lake, bila shela. Majirani wananong'ona. Mikono yake ni mitupu, kwa sababu kisheria anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyofanya shirikani, ingawa shirika linatakiwa kumtendea kwa haki na upendo.

Wapo mabinti wanaobaki mahali ambapo moyo umeshatoka, kwa sababu tu wanaogopa sura ya baba. Wengine huondoka na kuishi mjini kwa siri kuliko kurudi kijijini.

Dawa yake hutolewa mapema, siku ileile ya kumsindikiza. Baba au mama amshike mkono na kumwambia: "Mwanangu, ukibaki, tutakuja kwenye jubilei yako. Ukirudi, chumba chako kipo." Asemalo mzazi hapo, binti atalikumbuka kila atakapoulizwa mbele ya altare kama anaweka nadhiri kwa hiari yake.