Sura Zenye Hujawahi Ona: Hawa Ndio Wasee Walifanya John Wick Ikawa Moto

Kama ulikulia mtaani ukilipa kobole kuingia kibanda cha muvi, ukakalia benchi ya mbao huku DJ Afro akikutafsiria, unajua sheria mbili. Ya kwanza, stelingi hafi. Ya pili, risasi za stelingi haziishi. Anamwaga moto kutoka scene ya kwanza hadi ya mwisho na hakuna mahali utamwona akibadilisha magazini.

Sasa chukua John Wick ya 2014. Keanu Reeves yuko ndani ya klabu, taa za buluu na nyekundu, watu wanadensi, na yeye anapita katikati akiangusha majambazi mmoja mmoja. Ghafla bunduki inaisha risasi. Msee bado anamkujia. Inabidi amshike, ambane chini, ajaze risasi kwanza, halafu ndio amalize kazi. Hiyo sekunde mbili za kujaza risasi ndio ilibadilisha muvi za wauaji wa kulipwa. Ukiicheki unaamini huyu jamaa ni fundi, na fundi huhesabu vifaa vyake.

Stori yenyewe haina mambo mingi. Bibi ya John ameaga kwa ugonjwa, akamwachia kambwa kadogo ili asibaki pekee yake. Kijana wa bosi wa mafia wa Kirusi anatamani ndae yake, Mustang ya 1969, anamvamia kwa keja usiku, anaiba gari na kuua mbwa. Hajui huyo mzee mpole alikuwa muuaji anayeogopwa kuliko wote. Hadi muvi iishe, maiti ni zaidi ya 70. Juu ya mbwa! Lakini si mbwa tu. Ilikuwa kitu cha mwisho bibi alimwachia, na ndiyo maana hata wewe ulikuwa upande wake.

Kwa nini muuaji tunampenda? Juu ya sheria. Dunia ya John Wick iko na hoteli inaitwa Continental ambapo wauaji wote wanalala, wanakula, na hakuna kumwaga damu ndani. Wanalipana kwa sarafu za dhahabu. Ukiwa na deni la damu, lazima ulilipe. Juu ya wote kuna wakubwa wanaitwa High Table, na ukiwakosea dunia yote inalipwa ikutafute.

Cheki vile sheria hizo zinafanya kazi kwa Chapter 2 ya 2017. John na Cassian, muuaji mwenzake anayechezwa na rapa Common, wanapigana barabarani, wanaviringika kwa ngazi, wanavunja dirisha na kuangukia ndani ya Continental ya Roma. Meneja anawakumbusha wako wapi. Hapo hapo wanaachana, wanaenda baa, mmoja anaagiza jini na mwingine wiski. Wanabonga kama mabeste waliopotezana. Kila mtu anajua wakitoka nje watauana, na Cassian ako na haki ya kulipiza, juu bosi aliyekuwa analinda ameangushwa. Baadaye kidogo, New York, wanapigiana risasi za chini chini katikati ya abiria wa treni, bunduki zimefichwa kwa koti, na watu wanapita tu na simu zao. Mimi hiyo scene naiweka juu ya milipuko yote umewahi ona.

Hii mambo haikuanzia Hollywood. Mwaka wa 1967 kulitoka muvi mbili za kichwa ngumu. Ufaransa, Jean-Pierre Melville alimpea Alain Delon koti na kofia na akamnyima maneno. Hiyo ni Le Samouraï. Japani, Seijun Suzuki alitoa Branded to Kill, ambapo wauaji wako na namba kama jedwali la ligi, na namba tatu anakosa shabaha juu kipepeo kilitua kwa bunduki yake. Wenye studio hawakuielewa, wakamfuta kazi. Alienda koti, lakini alikaa karibu miaka kumi bila kupewa muvi ya sinema. Halafu 1989, Hong Kong, John Woo akatoa The Killer, akachanganya risasi na njiwa na kanisa, akafanya mtutu uonekane kama densi. Wote hao unawaona ndani ya John Wick ukiangalia vizuri.

Lakini aliyeongoza John Wick hakutoka shule ya filamu. Chad Stahelski alikuwa mtu wa kuanguka. Kwa The Matrix ya 1999, ukiona Keanu anarushwa ukutani, mara nyingi huyo si Keanu, ni Stahelski kwa nguo zake. Yeye na mwenzake David Leitch walianzisha kampuni yao ya aksheni, wakafunza mastaa kupigana, halafu wakaamua kushika kamera wenyewe. Ndiyo maana John Wick hainaga ile kukatakata picha kila nusu sekunde. Kwingine wanakata juu staa hajui kupigana. Hapa Keanu alifanya judo, jujitsu na shabaha kwa miezi, kwa hivyo kamera inakaa mbali, inatulia, unaona mwili mzima.

Na kuna stori nyingine yenye wengi hawajui. Mwaka wa 1993 Brandon Lee, mtoi wa Bruce Lee, alikuwa anashuti The Crow kule North Carolina. Bunduki ya kuigiza ilikuwa na kipande cha risasi kimekwama kwa mtutu bila mtu kujua. Ilipofyatuliwa na baruti tupu, kile kipande kikatoka na kumpiga. Alikufa akiwa na miaka 28. Muvi ilikuwa haijaisha, na aliyesimama mahali pake kumaliza scene zilizobaki alikuwa Chad Stahelski, aliyekuwa akifanya mazoezi naye. Sura ya Brandon iliwekwa juu ya mwili wake kwa kompyuta.

Fikiria hiyo kidogo. Huyo ndiye baadaye ametengeneza muvi zenye bunduki nyingi kuliko mtu yeyote. Na moto mwingi unaouona ukitoka kwa mtutu wa John Wick umechorwa na kompyuta baada ya kushuti.

Chapter 4 ya 2023 ndio kilele, na iko karibu masaa matatu, jipange. Mpinzani hapa ni Caine, kipofu, anayechezwa na Donnie Yen. Si adui, ni beste wa John wa zamani, na High Table wamemshika kwa msichana wake. Asipomuua John, mtoi anakufa. Paris, alfajiri inakaribia, John anapanda ngazi 222 za kuelekea kanisa la Sacré-Cœur, anafika karibu juu, anapigwa teke na kuviringika hadi chini kabisa. Ukumbi wote unacheka na kulia pamoja. Caine anamkujia, na badala ya kummaliza wanapanda pamoja. Itabidi wauane, lakini huko juu, kwa wakati na kwa sheria.

Yule aliviringika si Keanu. Ni Mfaransa anaitwa Vincent Bouillon. Hakuna Oscar angepata, juu tangu tuzo hizo zianze 1929, wapaka vipodozi na washona nguo wamepewa kategoria yao lakini wanaovunja mbavu hawakuwa na yao. Leitch, ambaye sasa unamjua kwa Bullet Train ya 2022, alikuwa mmoja wa waliosukuma hiyo maneno kwa miaka. Aprili 2025 Akademia ikakubali: kategoria ya stanti itaanza Oscar za 2028, kwa muvi zitakazotoka 2027.

Zile ngazi 222 zilitoka 2023, kwa hivyo hazitahesabiwa. Ukizirudia wikendi, usizime jina la Keanu likipita. Ngoja ile orodha ndefu ya stanti ifike.