Mkubwa akishitakiwa, avoka ni wa nini?

Ndugu wakulima, safari hii nitaacha kidogo mambo ya mbegu na mbolea. Katika mikutano ya kooperative, kila mara radio inapotangaza kesi ya mkubwa fulani aliyekula makuta ya Leta, swali linarudi: "Mtu kama huyo, anatafutiwa avoka juu ya nini? Si wamfunge tu?" Nataka kulijibu, na nitaanza na kesi ya shamba, juu shamba tunalijua sote.

Mwezi wa saba 2014 serkali ilifungua shamba la Bukanga-Lonzo, karibu kilomita 250 kutoka Kinshasa. Hekta 80 000! Kwetu Luhwindja, mwenye hekta moja ya kulima pale kilimani anajisikia tajiri. Mahindi ya Bukanga-Lonzo yangelisha Kinshasa na kushusha bei ya unga. Kazi ilipewa kampuni ya Afrika Kusini, Africom. Mwaka 2017 kazi ilikuwa imekwisha kusimama, kampuni imeondoka. Mwaka 2020 Inspection Générale des Finances, ile tunaita IGF, ikatoa raporti: kati ya dolari milioni 285 zilizotoka kwenye kese ya Leta, milioni 205 zilipotea njia.

Aliyeshitakiwa wa kwanza ni Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu kutoka 2012 mpaka 2016. Yeye alikataa makosa hayo tangu mwanzo. Tarehe 20 Mei 2025 Cour constitutionnelle ilimhukumu miaka 10 ya kazi ya lazima. Deogratias Mutombo, aliyekuwa gavana wa Banque centrale, na Christo Grobler wa Africom walipata miaka 5 kila mmoja.

Tangu raporti ya IGF mpaka hukumu, ni karibu miaka mitano. Na sehemu kubwa ya miaka hiyo haikupita kwa kuhesabu matrakta au magunia. Ilipita kwa swali moja: ni korti gani inaweza kumhukumu mtu aliyekuwa waziri mkuu na siyo tena? Katiba inasema Cour constitutionnelle ndiyo inahukumu rais na waziri mkuu. Aliyekwisha kutoka kwenye kiti, haimtaji wazi. Avoka wa Matata waliona hilo tundu, wakapita humo. Mwezi wa kumi na moja 2021, ile Cour yenyewe ikasema: kweli, sisi hatuna ruhusa ya kumhukumu. Mwaka mmoja nyuma, mwezi wa kumi na moja 2022, ikageuka na kusema ruhusa inayo. Baadaye tena likaja swali la kinga yake ya ubunge, likazungumzwa mpaka Bungeni.

Watu wengi walikasirika: "Unaona? Avoka wanatuchelewesha." Mimi sikubali. Tundu lilikuwa kwenye sheria, avoka hawakulichimba. Avoka anayeona korti haina ruhusa, akanyamaza, ni kama agronome anayeona mozaiki kwenye mihogo ya jirani na kupita njia yake.

Kuna jambo lingine ambalo radio haikulieleza sana. Hukumu ya Cour constitutionnelle haina rufaa. Katiba ndiyo inasema hivyo. Kwa hiyo waziri mkuu wa zamani anahukumiwa mara moja tu, basi. Mwizi wa mbuzi anaweza kupanda rufaa, yeye hapana. Ile heshima ya kuhukumiwa na korti kubwa imemwondolea ngazi.

Sasa weka pembeni yake kesi ya mtoto wa Sud-Kivu, Vital Kamerhe, ambayo ilipasua hata familia hapa kwetu. Alikuwa mkurugenzi wa ofisi ya rais wa jamhuri. Alikamatwa mwezi wa ine 2020 juu ya pesa za programu ya siku 100, zaidi ya dolari milioni 50, nyingi zikiwa za nyumba za kuunga. Kesi ilipita kwenye televizyo. Katikati ya kesi, mwezi wa tano, hakimu aliyeiongoza, Raphaël Yanyi, akafariki, ikabidi mwingine aendelee. Tarehe 20 Juni 2020 hukumu ikatoka: miaka 20 ya kazi ya lazima. Bukavu wengine walilia, wengine walicheka. Kwenye rufaa, 2021, ikashuka kwa miaka 13. Mwezi wa ine 2022 Cour de cassation ikavunja hukumu hiyo na kuirudisha Cour d'appel ihukumiwe upya na hakimu wengine. Mwezi wa sita 2022 akaachiliwa huru kabisa, bila kosa. Wakati Matata alipokuwa akibishana juu ya kinga yake, mwenye kuongoza Bunge alikuwa ni huyo huyo Kamerhe.

Kama mtu alikuwa mkosefu, basi mashitaka hayakushonwa vizuri, yakachanika. Kama hakuwa mkosefu, basi alifungwa Makala bila sababu, na bila avoka angebaki kule. Chagua unayotaka, kwa njia zote mbili utaona kazi ya avoka ni nini. Anamlazimisha anayeshitaki alete karatasi. Mashitaka yasiyo na karatasi ni mbegu iliyotobolewa na wadudu: unaipanda, unatumaini, na mwisho unavuna majani.

Katiba ya 18 Februari 2006 imeliandika hilo kwa kila mtu. Artikle ya 17 inasema mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Artikle ya 18 inasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, katika luga anayoielewa, na asikae kasho ya polisi zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya mwenye ruhusa ya kuhukumu. Artikle ya 19 inasema anaweza kujitetea mwenyewe au kuchagua wa kumtetea, hata kwa polisi, kabla ya kufika kortini. Mama anayeuza maharagi na waziri, wote wako mle ndani.

Turudi kwetu. Tangu sheria mpya ya madini ya 2018, asilimia 15 ya malipo ya madini yanayoitwa redevance inapaswa kufika kwenye entité iliyo na mgodi, na sheferi ni entité. Mahali penye Twangiza, hiyo siyo pesa ya mchezo. Mwenye kuishika ni mtu wa Leta, na siku moja ataulizwa. Ndivyo pia moniteur wa kilimo aliyepewa mbegu za kugawa bure. Kanuni ya makosa, artikle ya 145, inamtolea mtu wa Leta aliyekula mali aliyokabidhiwa mwaka 1 mpaka 20 ya kazi ya lazima. Mweka kese wa kooperative, ambaye si mtu wa Leta, anaangukia artikle ya 95, ile ya kuvunja uaminifu: miezi 3 mpaka miaka 5. Kwa hiyo tusiseme kila mwenye kukosa hesabu "amefanya détournement". Neno baya kwenye barua ya mashitaka linampa avoka wa upande mwingine kazi rahisi.

Moniteur akituhumiwa, kwanza anapata demande d'explication. Wengi wanaiona kama tusi, wanaikunja mfukoni na kukaa kimya. Hapo wanajikata mguu, juu ile barua ndiyo nafasi yao ya kwanza ya kujitetea. Jibu kwa maandishi, weka kopi, omba akushugulikiaye aweke sahihi na tarehe kwenye kopi yako. Ukisema "ni shefu alinituma", uwe na karatasi. Artikle ya 28 ya Katiba inasema hakuna anayelazimishwa kutii amri iliyo wazi kinyume cha sheria, lakini inasema pia ni anayekataa ndiye wa kuonyesha kwamba amri ilikuwa mbaya. Amri ya mdomo chini ya mti hutaweza kuionyesha mbele ya hakimu.

Swali gumu zaidi, lile linalovunja kooperative, ni nani analipa avoka. Prezida ameshitakiwa, anafungua kese ya kooperative na kulipa avoka kwa michango ya wanamemba wale wale wanaomshitaki. Nimeona hiyo, na siyo mara moja. Maoni yangu ni haya: kama kooperative yenyewe imeshitakiwa, kwa mfano juu ya mpaka wa shamba, kese inalipa. Kama mtu anashitakiwa kwamba yeye mwenyewe alikula, alipe yeye. Akishinda, asamble jenerali inaweza kukaa na kuamua kumrudishia, na iandikwe kwenye pevee. Asijiamulie peke yake. Sheria ya kooperative ya OHADA, ya 15 Desemba 2010, inayotuhusu tangu nchi yetu iingie OHADA mwezi wa kenda 2012, inataka pembeni ya komite ya gestion kuwe na komisyo ya surveillance. Kooperative ngapi zina majina ya komisyo hiyo kwenye karatasi tu? Ni wao wanapaswa kwenda kuangalia stoki, kuhesabu magunia, kulinganisha na kitabu, kabla hatujapiga kelele sokoni.

Na mtuhumiwa aitwe kwa barua, siyo kwa mdomo. Apewe siku za kutafuta faktire na borderero zake. Aje na mtu wa kumsaidia kusoma kama hajui. Wanamemba wengine wataona hayo ni kumbembeleza. Lakini kooperative ikimfukuza mtu bila kumsikia, atafika kortini na neno moja tu: "hawakuniita". Hapo tutakuwa sisi tunaojitetea.

Asiye na pesa ya avoka asikate tamaa. Kila barreau ina Bureau de Consultations Gratuites, na ile ya Sud-Kivu iko Bukavu. Mtu anaenda na barua zake zote, karatasi inayoonyesha kwamba hana uwezo, na hadisi fupi ya mambo, tarehe kwa tarehe. Kwenye tribinali za chini, défenseur judiciaire pia anaweza kusimama pembeni yake. Peleka kopi za faktire. Zile zenyewe ziache nyumbani mahali pakavu. Karatasi nyingi nilizoonyeshwa vijijini zilikuwa zimeliwa na mchwa au kulowa mvua ya mwezi wa kumi na moja, na hakuna avoka anayeweza kusoma hizo.