Fahamu: Kwa nini rangi hubadilika molekuli zinapojipanga

Mwaka 1936, Edwin Jelley nchini Uingereza na Günter Scheibe nchini Ujerumani, kila mmoja kivyake, waligundua jambo la ajabu. Rangi iitwayo sudoisosianini ilipokolezwa kwenye maji, ukazuka mstari mwembamba na mkali wa kufyonza mwanga karibu na nanomita 570, ilhali kawaida yake ni mkanda mpana karibu na 525. Hakuna kemikali mpya iliyoundwa. Molekuli zilikuwa zimejipanga zenyewe.

Zikilala mshazari, kichwa cha moja kikifuata mkia wa nyingine, nishati ya mwanga haibaki kwenye molekuli moja bali husambaa kwenye nyingi kwa pamoja, na ufyonzaji husogea upande wa wekundu. Zikibanana uso kwa uso, husogea upande wa buluu, na mara nyingi mng'ao hufifia.

Watengenezaji wa filamu za picha walilitumia hilo kwa miongo mingi. Lakini mfano unaonivutia zaidi ni bakteria wa kijani wa salfa: klorofili zao hujipanga zenyewe, karibu bila msaada wa protini, na kunasa mwanga hafifu hata kwenye kina cha mita 100 hivi katika Bahari Nyeusi.