Ndege wa Bendera Yetu Akosa Mahali pa Kutaga

Kila asubuhi, bendera ya taifa ipandishwapo kambini na vituoni, askari husimama wima mbele ya ndege mmoja. Tangu tarehe 9 Oktoba 1962 korongo-taji amekaa katikati ya bendera ya Uganda. Waganda humwita Ng'aali. Watu wa Ankole na Kigezi humwita Entuuha. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza ndege huyo hulea wapi makinda yake.

Chakula chake, yaani panzi, minyoo, vyura na mbegu, hukitafuta katika mbuga zenye majani mafupi na mashambani. Kiota hukijenga kinamasini, penye maji ya kina kifupi na ndago ndefu. Hukanyaga majani yakawa kitanda, akataga mayai mawili hadi manne. Huchagua mahali kama askari achaguavyo mahali pa kulinda: aatamiapo, majani humficha, ainukapo, kichwa hupita juu ya majani akamwona adui kwa mbali, na maji yaliyomzunguka humzuia mbwa.

Dume na jike hupokezana zamu ya kuatamia kwa siku 28 hadi 31. Makinda huweza kutembea upesi, lakini huchukua siku 56 hadi 100 kabla ya kuruka. Hivyo familia moja yahitaji utulivu wa miezi mitatu au minne.

Hapo ndipo maafa yaanzapo. Mabonde yachimbwapo mifereji ili yalimwe viazi au mpunga, maji hukauka. Korongo hawahami upesi. Hujenga kiota katika kipande cha kinamasi kilichosalia. Kwa macho yao mahali ni pale pale, kumbe ngome imekwisha kubomolewa. Ng'ombe hukanyaga mayai, watoto huyaokota, na mbwa hufika kiotani pasipo kulowa miguu.

Hasara yake yaonekana katika hesabu. Mwaka 1985 korongo-taji walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 barani Afrika. Kufikia mwaka 2004 walikadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 64,000 tu, na mwaka 2012 wakatiwa katika daraja la ndege walio hatarini kutoweka.

Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2014 kuwakusanya korongo waliofugwa majumbani na hotelini. Wenye afya hurudishwa porini katika Mbuga ya Akagera. Walemavu hutunzwa mjini Kigali. Ni kazi njema. Hata hivyo, korongo aliyefunguliwa atahitaji kinamasi cha kutagia, na kinamasi kikiisha kukaushwa hakirudi kwa amri ya siku moja.

Ndugu askari, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 imekwisha kutungwa. Iliyobaki ni kuitekeleza. Polisi amwonapo mtu akiuza kinda la korongo sokoni, asimpite kama muuza kuku. Mwanajeshi aliye doriani bondeni asiwashe moto katika ndago kavu, wala asikisogelee kiota, kwa maana mzazi akifukuzwa mayai hubaki wazi. Nasi sote tuwaeleze wazee na vijana wa vijijini mwetu faida ya kuacha ukanda wa majani na maji kandokando ya mashamba.

Haifai kuipigia saluti picha ya ndege, huku ndege mwenyewe hana pa kuweka yai.