Nyumba Iliyovunjwa Ofisini

Ndoa nyingi huvunjika kwa ugomvi, na ugomvi husikika hata kwa jirani. Ndoa ya Masud na Saida haikuvunjika hivyo. Mume alitoka nyumbani kimya, akapanga chumba nyuma ya duka. Mke naye akawa anampelekea chakula kikapuni kila siku, miaka nenda miaka rudi, bila ya kurudiana na bila ya kutukanana. Mtoto wao Salim, mwenye umri wa miaka saba, hakuambiwa neno.

Habari hiyo imo katika riwaya iitwayo Gravel Heart, yaani Moyo wa Changarawe, iliyotolewa mwaka 2017 na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini mambo yake ni ya kwetu kabisa, nasi twapenda wanachama na wafanyakazi wa Nachingwea na Ruangwa wayafahamu.

Chanzo cha msiba ni shtaka la jinai. Amir, mdogo wake Saida, alikamatwa kwa tuhuma ya kumnajisi msichana wa shule, binti wa nyumba kubwa serikalini. Baba yao Saida aliuawa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Basi mwanamke huyu alijua vema kwamba mtu aliyechukuliwa huenda asirudi. Akaenda kumsihi Hakim, kaka wa yule binti, bwana mwenye mamlaka. Bwana yule akataja bei, na bei ilikuwa mwili wake. Saida akalipa. Lakini deni la namna hiyo halina stakabadhi: Hakim hakutosheka, na mwisho Saida akamzalia mtoto. Amir, aliyekombolewa, alipanda cheo hata akawa afisa wa ubalozi huko London, tena akamwoa binti yule yule!

Wapenzi wa Shakespeare watakumbuka mchezo wa Measure for Measure, ambao ndio uliompa Gurnah jina la kitabu chake. Humo Isabella anatakiwa bei hiyo hiyo ili kumwokoa kaka yake, naye anakataa. Yupo mtawala aliyejificha nguo za utawa ambaye mwishowe anayatengeneza mambo. Saida hakuwa na mtawala wa kujificha wala wa kujitokeza.

Sasa, kwa nini twawaambia haya watu wa Nachingwea na Ruangwa? Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, tangu zamani ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na mume kwa desturi ile alikuwa mtu aliyekuja kukaa kwa wakwe. Msomaji wa huku hatashangaa kwamba Saida alimwendea mbio nduguye kabla ya kuifikiri heshima ya mumewe. Wala hatashangaa kwamba baadaye ni mjomba aliyemchukua Salim kwenda kusoma London. Tena ataona upesi jinsi mtego ulivyotegwa: mwenye ofisi aliujua uzi ambao dada hawezi kuuacha ukatike, akauvuta huo huo.

Masud hakuwa mkatili, na Gurnah amemchora kwa huruma nyingi, labda nyingi kupita kiasi. Aibu ilimwangusha. Lakini adhabu ya kimya chake ilimwangukia nani? Si Hakim, aliyeendelea kupanda gari lake. Ilimwangukia mke na mtoto. Nasi twajua kwamba hata leo, jambo kama hili likitokea kijijini, swali la kwanza barazani ni kama mwanamke alikwenda kwa hiari yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, yaanza pengine: yamwangalia yule aliyetumia madaraka yake kudai ngono. Karani anayeandika majina ya kazi, msimamizi wa ghala katika msimu wa korosho, mtendaji mwenye muhuri, kila mmoja ana kalamu ambayo mtu mwenye shida huiogopa.

Kasoro moja tunaiona katika kitabu. Salim anayasikia yote kwa baba yake, Saida akiwa amekwisha kufa. Hivyo habari ya mwanamke yule twaipata kwa vinywa vya wanaume wawili. Tungependa kumsikia mwenyewe, hasa juu ya kile kikapu: kilikuwa toba, au upendo, au ukaidi?

Asiyesoma Kiingereza na aanze na Peponi, tafsiri ya riwaya nyingine ya Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022. Humo atamkuta Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake.