Kuyakata Maneno Marefu ya Kiingereza

Mtu ajifunzaye Kiingereza akutanapo na neno refu, mara nyingi hulitazama kidogo kisha akaliruka. Lakini ajuaye Kiswahili amezoea maneno marefu tangu utoto. Neno "hatutapikiwa" halimtishi, kwa kuwa huviona upesi vipande vyake: "ha" ya kukanusha, "tu" ya watu wenyewe, "ta" ya wakati ujao, "pik" iliyo shina, na "iwa" ionyeshayo kwamba mpishi ni mwingine.

Neno hilo hilo likitamkwa polepole hukatwa vingine: ha-tu-ta-pi-ki-wa. Ile "k" ya shina imehamia kwa jirani. Basi kuna mikato miwili: mmoja wa sauti, utoao silabi, na mmoja wa maana. Kiingereza nacho kinayo yote miwili, wala haifai kuichanganya.

Chukua neno "invisible". Kwa sauti lina silabi nne: in-vis-i-ble. Kwa maana lina vipande vitatu: "in" ya kukanusha, "vis", shina la Kilatini la kuona, lililomo pia katika "television", na "ible", ifanyayo kazi kama ya "ekana" katika "onekana". Basi maana yake ni "isiyoonekana".

Silabi humsaidia msomaji kutamka, ila mkazo wa Kiingereza haukai mahali pamoja kama wetu, ambao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "photograph" mkazo uko silabi ya kwanza, katika "photographer" ya pili, na katika "photographic" ya tatu.

Mkato wa maana una hatari kubwa zaidi. Debe la petroli huweza kuandikwa "inflammable". Msomaji aliyekwisha kujifunza "in" ya kukanusha atadhani kwamba mafuta hayo hayashiki moto. Kumbe "in" hiyo ni nyingine kabisa: yatoka katika kitenzi cha Kilatini "inflammare", yaani kuwasha moto, na maana yake ni kuingia ndani, si kukataa. Ukiiondoa "in" katika "invisible", maana hugeuka. Ukiiondoa katika "inflammable", hubaki "flammable", na maana ni ile ile: chenye kuwaka upesi.

Wenye lugha wenyewe walilihofia neno hilo. Mwaka 1959 chama cha Uingereza kiwekacho kanuni za ubora wa bidhaa, British Standards Institution, kilihimiza watu watumie "flammable" kwa kitu kiwakacho, na "non-flammable" kwa kisichowaka. Hata hivyo neno la zamani halikufa.

Kwa hiyo mkato wa maana humpa msomaji kisio tu, na kisio hicho hapana budi kipelekwe kwenye kamusi. Asiye na kamusi karibu na aiondoe taa kwanza penye debe, ndipo aifikirie "in".