Uwiano wa Mwili wa Mtoto na Sanaa ya Kumchora

Ugumu wa kumchora mtoto hutokana na mpangilio wa ukuaji wa mwili wa binadamu, ambao huanzia kichwani na kushuka miguuni, hivi kwamba sehemu za juu hukaribia ukubwa wake wa mwisho mapema huku za chini zikichelewa kwa miaka mingi. Wachoraji huupima mwili kwa urefu wa kichwa, yaani umbali kutoka utosini hadi kidevuni, na kwa kipimo hicho mtoto mchanga ana takriban vichwa 4, wa miaka 2 vichwa 5 hivi, wa miaka 6 karibu vichwa 6, ilhali mtu mzima hufikia vichwa 7 na nusu. Tangu kuzaliwa hadi utu uzima, kichwa hurefuka hadi kufikia mara 2 tu ya kimo chake cha awali, kiwiliwili mara 3, mikono mara 4 na miguu mara 5.

Chanzo cha tofauti hiyo ni ubongo. Mtoto huzaliwa na ubongo wenye takriban robo ya uzito wa ule wa mtu mzima, lakini afikapo miaka 6 ubongo huo huwa umefikia asilimia 90 hivi ya ukubwa wake wa mwisho, nalo fuvu linaloukinga hulazimika kutanuka kwa kasi hiyohiyo. Mifupa ya uso haina haraka hiyo, kwa kuwa taya hukua kadiri meno yanavyoota na pua hurefuka polepole hadi ujanani. Ndiyo maana uso wa mtoto hukusanyika chini ya paji pana, na macho, ambayo kwa mtu mzima hukaa katikati ya kimo cha kichwa, kwake huwa chini ya mstari huo. Jicho lenyewe hukua kidogo sana: kipenyo chake ni milimita 17 hivi wakati wa kuzaliwa na 24 ukubwani. Wanafunzi wengi hukosea hapa, kwani hukuza macho bila kuyashusha, wakapata sura ya mtu mzima aliyeshtuka.

Katika picha nyingi za kidini za Ulaya ya Zama za Kati, Yesu mchanga ana uwiano wa mtu mzima, ingawa si haki kuwalaumu wachoraji hao, maana walikusudia kuonyesha hekima ya kimungu kuliko umri. Baadaye Leonardo da Vinci alibainisha kwamba viungo vya watoto ni vyembamba na nyama iliyo kati yake ni nene, na Albrecht Dürer akajumuisha vipimo vya mtoto katika kitabu chake cha uwiano wa binadamu, kilichochapishwa mwaka 1528, miezi michache baada ya kifo chake. Mwaka 1943 mwanasayansi wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz wa Austria, alieleza kwamba paji pana, macho makubwa na mashavu yaliyojaa huamsha kwa watu wazima hamu ya kumtunza mtoto.

Hamu hiyo humshawishi mchoraji kutia chumvi. Anayechora watoto, hasa katika vitabu vya shule ambamo watoto wenyewe hujitazama, na apime kichwa kwanza, aweke macho mahali pake, kisha ndipo aupambe uso.